Kivuko kwa Kivuko: Safari ya Visiwa vya Magharibi ya Uskoti

Atazamaye ramani ya Uskoti ataona kwamba upande wa machweo nchi ile huvunjikavunjika katika bahari ya Atlantiki, ikaacha visiwa vikubwa na vidogo, majabali na mafungu, mamia kwa mamia, vingine vyenye miji na bandari, vingine vyenye nyumba mbili na mbwa, na vingine visivyo na mkazi ila kondoo na ndege wa pwani. Hivyo ndivyo visiwa vya Hebrides. Wasafiri wengi walioviandika husema kwamba uchache wa watu wake ni kazi ya bahari, dhoruba na upweke. Mimi ni mtu wa kisiwa, mzaliwa wa Mafia, na kauli hiyo haikuniingia akilini. Kwani najua kuwa bahari humchosha mtu, humtia hofu, na pengine humwua, lakini ni nadra kumhamisha kwao. Basi nilikusudia kuyaona maskani yale kwa macho yangu, nikiifuata njia waifuatayo wenyeji, yaani kivuko kwa kivuko, kutoka kusini hadi kaskazini, katika mwezi wa Juni ambapo jua la huko halina haraka ya kuzama.

Oban

Mlango wa visiwa hivyo ni Oban, mji mdogo uliojikunja katika ghuba yake, nyumba zake za mawe zikiielekea bahari kwa madirisha marefu. Juu ya kilima nyuma ya mji limesimama boma la mviringo lenye matao mengi, ambalo mgeni hulidhania kuwa gofu la Warumi. Kumbe lilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19 na tajiri wa benki, John Stuart McCaig, aliyetaka kuacha ukumbusho wa jamaa zake na papo hapo kuwapatia waashi kazi wakati wa baridi. Alifariki mwaka 1902 kabla halijatimia, na mpaka leo ndani ya matao yale hamna ila bustani.

Gatini abiria wa visiwani hutambulikana kwa mizigo yao. Huyu alikuwa na gurudumu la trekta, yule na magunia ya mbegu, na mwanamke mmoja aliketi juu ya benchi akiwa amekumbatia dirisha zima, kioo na fremu yake, lililofungwa blanketi la mtoto. Maana mwenye kukaa kisiwani hafiki mjini akarudi mikono mitupu.

Pwani hii nasi tunajuana tangu zamani kuliko nilivyodhani. Kusini ya Oban uko mji wa Campbeltown, alikozaliwa William Mackinnon, ambaye meli za kampuni yake zilianza kuleta barua Unguja mwaka 1872, na ambaye kampuni yake nyingine ilipewa mwaka 1888 hati ya kuitawala nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Babu zetu waliokuwa wakizitazama meli zile zikitia nanga mbele ya Forodhani hawakuwa na sababu ya kujua kwamba fikira iliyozituma ilitoka katika pwani ya mvua, viazi na samaki wa chumvi.

Mull na Ulva

Meli iendayo Mull haichukui saa moja, lakini katika muda huo hupita mbele ya hikaya nzima. Mkono mmoja mnara wa taa wa Lismore, mkono mwingine ngome ya Duart juu ya rasi yake, na kati yao mwamba mdogo ambao maji yakijaa huzama. Husimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 16 Maclean, bwana wa Duart, alichoshwa na mkewe aliyekuwa binti wa ukoo mkubwa wa Campbell, akamchukua usiku maji yalipokupwa, akamwacha juu ya mwamba ule ili maji ya kujaa yammalizie kazi. Wavuvi waliokuwa wakipita walimsikia bibi, wakamwokoa na kumpeleka kwa ndugu zake. Mume naye, asiyejua, akatuma salamu za msiba kwa mashemeji, akaenda kwao na machozi ya uongo, akakaribishwa mezani, na alipoinua uso akamwona marehemu wake ameketi upande wa pili akila. Mwaka 1523 Maclean huyo aliuawa Edinburgh kwa mkono wa shemeji yake.

Mull ni kisiwa cha milima, na mrefu kuliko yote ni Ben More wenye mita 966, ambao siku nyingi hujifunika mawingu mpaka mabegani. Barabara zake aghalabu ni za gari moja tu, zikiwa na vituo vya kupishana, na adabu ya huko ni kwamba anayepishwa humwinulia mwenzake kidole kimoja juu ya usukani. Asiyefanya hivyo hujulikana mara moja kuwa ni mgeni au ana kisirani.

Kwenye mlango mwembamba wa Ulva hakuna kengele wala mtu wa kukata tikiti. Ukutani pana ubao. Msafiri husukuma kifuniko chake kando, chini yake hutokeza rangi nyekundu, na mwenye mashua aliye ng'ambo auonapo wekundu huo huacha shughuli yake akaja kumchukua. Niliusukuma ubao, nikaketi. Haukupita muda mashua ikaja, na baada ya dakika chache nilikuwa katika kisiwa ambacho jina lake, pasipo sisi kulijua, limo katika hadithi ya Unguja na Bagamoyo. Kwani babu yake David Livingstone alikuwa mkulima mdogo wa Ulva, na baba yake alizaliwa hapo, kabla jamaa hiyo haijahamia Blantyre kutafuta kazi katika kiwanda cha pamba. Yule aliyekaa Unguja mwaka 1866, na ambaye maiti yake ilibebwa na watumishi wake Chuma na Susi kutoka Chitambo alikofia hadi pwani, alikuwa mjukuu wa watu waliotoka kisiwani kwa umaskini.

Hao waliondoka kwa hiari ya njaa. Waliobaki hawakuachiwa hiari. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Ulva ilikuwa na watu wapatao 600, riziki yao ikiwa ni viazi, ng'ombe, samaki, na zaidi ya hayo mwani, waliouchoma kupata majivu ya magadi yaliyotakiwa na viwanda vya kioo na sabuni. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815 magadi ya nchi nyingine yakaingia, bei ya mwani ikaanguka, na watu waliokuwa mali ya kabaila wakageuka mzigo wake. Mwaka 1835 kisiwa kilinunuliwa na wakili, Francis William Clark. Viazi vikaoza kuanzia 1846, naye akawatoa wakulima kijiji baada ya kijiji, akaweka kondoo.

Nilitembea katika mojawapo ya vijiji hivyo. Kuta za mawe zingalipo, urefu wa kifua, na kila nyumba ina mlango wake, jiko lake, na mche wa upupu ulioota mahali pa kitanda. Kwetu Mafia, katika kisiwa cha Juani, yapo magofu ya Kua, mji uliohamwa baada ya Wasakalava kutoka Bukini kuushambulia mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, na mtoto wa Mafia akuapo hujifunza kwamba miji hufa kwa upanga. Ulva iliniongezea ilimu: mji waweza kufa kwa karatasi ya wakili, hali bahari mbele yake imetulia na samaki wamo.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2018, wakazi wakiwa hawatimii kumi, jamii ya watu wa kaskazini-magharibi ya Mull ilikinunua kisiwa kwa msaada wa fedha za serikali, ili ardhi iwe ya wakaao juu yake. Tangu hapo jamaa zenye watoto zimeanza kuhamia, na nyumba zilizokuwa tupu zinakarabatiwa.

Iona

Kesho yake nilivuka kwenda Iona, safari ya dakika kumi kutoka ncha ya Mull, katika chombo kidogo ambacho magari ya wageni hayaruhusiwi kupanda. Bahari yake ina rangi mbili, kijani juu ya mchanga mweupe na zambarau juu ya mwani, na mtu wa Pwani akiitazama peke yake, bila kuuhisi upepo, angeweza kudhani yuko Chole, kwetu Mafia.

Mwaka 563 alifika hapa Columba, mtawa kutoka Ireland, pamoja na wenzake kumi na wawili, akajenga makao ya ibada ambayo yalieneza dini, kalamu na wino katika nchi zote za kaskazini. Mbele ya abasia ungali umesimama msalaba wa mawe wa karne ya 8, uliochongwa majoka na duara zilizofungamana, nao umepigwa na mvua ya miaka elfu na mia mbili pasipo kuhamishwa. Wengi wa wajuzi huamini kwamba kitabu cha Kells, chenye Injili zilizopambwa kwa rangi, kilianzwa kuandikwa hapa. Kisha wakaja watu wa kaskazini kwa majahazi yao marefu: walishambulia mwaka 795, wakarudi tena na tena, na mwaka 806 waliwaua watawa 68. Wafalme wa Uskoti wa zamani walizikwa katika makaburi ya hapo, na mwaka 1994 alizikwa humo John Smith, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Labour.

Nilipokaa juu ya ukuta nikila mkate wa oti na jibini, ilinijia kwamba katika zama za Columba kisiwa hiki hakikuhesabiwa kuwa pembezoni. Njia ilikuwa maji, na penye njia kuu ndipo palipo katikati. Bara, lenye misitu na matope, ndilo lililokuwa gumu kufikika.

Barra

Kutoka Oban meli ya Barra huchukua karibu saa tano. Hupita mlango wa Mull, huuacha mji wa Tobermory na nyumba zake za rangi, huvipita visiwa vya Coll na Tiree, ndipo hutokea bahari kuu, na hapo chombo huanza kwenda mrama na mazungumzo ya abiria hupungua. Ndege weupe wakubwa, ncha za mabawa yao nyeusi, walikuwa wakijitupa kutoka juu kichwa chini, wakaingia majini kwa kishindo na kutoka na samaki. Wenyeji walilala juu ya viti kwa utulivu wa watu walio katika basi.

Jioni, jua likiwa bado juu, tuliingia ghuba ya Castlebay, ambamo ngome ya Kisimul imesimama juu ya mwamba katikati ya maji. Ilikuwa ya ukoo wa MacNeil, mabaharia wenye kiburi ambao, kwa masimulizi, kila jioni walimtuma mpiga tarumbeta juu ya mnara kuutangazia ulimwengu kwamba MacNeil amekwisha kula, na kwa hiyo wafalme wengine wa dunia wana ruhusa ya kukaa mezani. Kiburi hicho kilikwisha kwa madeni: katika karne ya 19 kisiwa kiliuzwa, mmiliki mpya akawa kanali Gordon wa Cluny, na mwaka 1851 mamia ya watu wa Barra na South Uist walipakiwa melini kwenda Kanada, wengine kwa kukamatwa kwa nguvu. Ngome yenyewe ilinunuliwa tena mwaka 1937 na mjukuu wa ukoo, msanifu majengo kutoka Marekani, na mwaka 2000 ilikodishwa kwa idara ya mambo ya kale ya Uskoti kwa muda wa miaka elfu moja, kodi yake ikiwa ni pauni moja na chupa ya wiski kila mwaka.

Mchana uliofuata nilikwenda kaskazini ya kisiwa kuona uwanja wa ndege, ambao ni ufuko. Ndege hutua juu ya mchanga wakati wa maji kupwa, na ratiba yake hufuata mwezi. Maji yakijaa, uwanja hauko. Baada ya ndege kuondoka niliwaona watu wakitoka na ndoo na reki kuokota kombe palepale ilipopita magurudumu, na niliwafahamu vizuri, maana hata kwetu bamvua ikitoa pwani haimwachi mtu nyumbani.

Upande wa kusini ni Vatersay. Mwaka 1908 watu kumi walifungwa jela kwa sababu walijenga vibanda na kupanda viazi katika ardhi ambayo babu zao waliilima, na bibi mwenye shamba hakuwataka. Kelele zikawa kubwa, na mwaka uliofuata serikali ikakinunua kisiwa na kuwagawia watu.

Eriskay na South Uist

Kivuko kutoka Barra kwenda Eriskay huchukua dakika arobaini, na karibu na Eriskay ndipo ilipopanda mwamba meli ya mizigo SS Politician, mwezi wa Februari mwaka 1941, ikiwa imebeba chupa za wiski zipatazo 264,000. Ulikuwa wakati wa vita na wiski ilikuwa adimu. Watu wa visiwani walitoka usiku kwa mashua, wakavaa magauni ya wake zao juu ya nguo zao ili mafuta ya meli yasiwaharibie, wakaopoa walichoweza na kukificha katika majani, visimani na chini ya vitanda. Maofisa wa forodha nao wakawafuata, na wengine wakafungwa. Mwandishi Compton Mackenzie, aliyekuwa akikaa Barra, alikitungia kisa hicho riwaya mwaka 1947. Mimi si mnywaji, lakini mzee aliyenisimulia habari hii kivukoni aliisimulia kwa bashasha kubwa hata nikaona kwamba utamu wa wiski ile umo zaidi katika kuificha.

Eriskay ndipo alipotua kwa mara ya kwanza Mwanamfalme Charles Edward Stuart, tarehe 23 Julai 1745, alipokuja kudai kiti cha enzi cha babu yake. Vita vyake viliangamia Culloden mwaka uliofuata, na baada ya hapo nguvu za koo za milimani zilivunjwa. Leo Eriskay imeunganishwa na South Uist kwa tuta la mawe, na tuta baada ya tuta mtu huendesha gari kutoka hapo hadi Berneray bila kupanda chombo.

South Uist ina milima mashariki, maziwa yasiyohesabika katikati, na magharibi mchanga uliotokana na makombe yaliyosagwa na mawimbi kwa dahari nyingi. Upepo huurusha mchanga ule juu ya udongo mchungu wa vinamasi, chokaa yake huutuliza, na penye mchanganyiko huo ardhi huchanua: nilitembea asubuhi nzima katika maua ya manjano, meupe na ya urujuani, yaliyopandana na oti, huku ndege aitwaye kwao kwa mlio wake wa kukereza akiita kutoka majanini bila kuonekana.

Ufukoni nilimkuta mzee akipakia mwani juu ya tela kwa uma, kwa ajili ya shamba lake la viazi. Nilimwamkia, akasimama.

"Kwenu pia bahari huutupa mwani?" akaniuliza.

"Hutupa, mzee, lakini Unguja na Pemba wanawake huupanda. Huusimika kwa kamba na vijiti maji yakipwa, wakauvuna, wakauanika, ukauzwa ng'ambo."

Aliuegemea uma wake. "Babu wa babu yangu aliusimamia maji ya kiuno kuukata, na fedha yote ilikwenda kwa mwenye ardhi kuwa kodi. Sikupata kusikia mtu aliyeupanda kwa kupenda." Akafikiri kidogo. "Na fedha huchukua nani?"

Nilimwambia kwamba swali lake huulizwa hata kwetu. Akacheka, akanipa viazi viwili vya kupika.

Hali yake yeye imelindwa tangu mwaka 1886, ilipopitishwa sheria iliyompa mkulima mdogo wa nyanda hizi haki ya kutofukuzwa na ya kumrithisha mwanawe shamba. Na tangu mwaka 2006 ardhi yenyewe, South Uist karibu yote, ni mali ya jamii ya wakazi.

Siku ya hewa safi, kutoka pwani ya North Uist, huonekana magharibi majabali ya St Kilda. Huko kweli bahari ilishiriki katika kuwaondoa watu: vijana walikuwa wamehama, maradhi yaliingia, tabibu hakufika wakati wa baridi, na tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 waliobaki walichukuliwa kwa ombi lao wenyewe. Katika vituo vyangu vyote hicho ndicho kisa ambacho maji yalikuwa na hatia, na hata hapo shtaka kubwa lilikuwa juu ya meli zisizokuja.

Harris

Mlango wa Harris ni mfupi kwa macho, bali kivuko cha Berneray hutumia saa nzima kuuvuka, kwa sababu chini yake pamejaa miamba. Nilisimama omoni. Nahodha aliipenyeza meli kama sindano ya mshona kofia, akielekea kisiwa kimoja kana kwamba anataka kukigonga, kisha akigeuka ghafla kufuata boya jekundu, kisha jingine la kijani. Mara tukawa tunarudi tulikotoka, mara tukaona mwani umesimama wima mita chache kutoka ubavuni, na juu ya jabali sili wawili wakatutazama tulivyohangaika.

Bandari tuliyoingia ni Leverburgh. Zamani ilikuwa kijiji cha Obbe, hata ilipofika mwaka 1919 Lord Leverhulme, tajiri wa sabuni ya Sunlight, akakinunua kisiwa cha Harris baada ya kukinunua Lewis mwaka mmoja kabla. Huyu ndiye aliyepewa na Wabelgiji mashamba makubwa ya michikichi huko Kongo kuanzia 1911, ambako nako mji ulipewa jina lake, Leverville, na watu wakatumikishwa kwa taabu kuleta mawese. Huko Harris alitaka kuwafanya wakulima kuwa wafanyakazi wa viwanda vya samaki. Akajenga gati na maghala. Askari wa Lewis waliorudi vitani walikuwa wameahidiwa ardhi, wakayavamia mashamba yake na kuyagawana. Mwaka 1925 bwana huyo alikufa, kazi ikasimama, mali ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Kilichodumu ni mtu na kitanda chake cha kufumia nyumbani. Kitambaa cha tweed cha Harris kinalindwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993: sharti sufu itiwe rangi na kusokotwa visiwani, na kitambaa kifumwe na mkazi nyumbani kwake. Nilikaribishwa katika banda la bati lililo kando ya barabara, ambamo mfumaji aliketi juu ya benchi akikanyaga miguu huku na huku kama mpanda baiskeli. Kwa kila mkanyago mtande ukafunguka, mshindio ukapita, na kitambaa kikasogea mbele upana wa uzi. Kwa mbali kilikuwa cha kahawia. Nilipokisogeza machoni niliona manjano, buluu, kijani na wekundu wa kutu ambao zamani ulipatikana kwa kuchemsha ukoga wa majabali. "Tazama nje," akasema bila kusimama, na nilipotazama mlima na pwani kupitia mlangoni nikaziona rangi zile zile.

Lewis

Niliingia Stornoway, mji mkuu wa visiwa hivi, siku ya Ijumaa, na sikutazamia kusali jamaa. Lakini upo msikiti, uliofunguliwa mwaka 2018 kwa michango ya watu wa karibu na mbali, kwa ajili ya jamii ndogo ambayo asili yake ni wachuuzi kutoka bara Hindi, waliofika miongo mingi iliyopita wakitembeza nguo shamba kwa shamba, na wengine wakajifunza Kigaeli kwa sababu ndicho walichozungumza wateja wao. Mwezi wa Juni jua la Stornoway huzama karibu saa nne na nusu ya usiku, na giza kamili halifiki. Kwa hiyo niliwauliza wenyeji juu ya Ramadhani, nao walinijibu kwa tabasamu kwamba mwaka una pande mbili, na Ramadhani ya Disemba huwalipa.

Jumamosi nilikwenda Callanish, ambako mawe marefu yalisimikwa yapata miaka elfu tano iliyopita, kumi na matatu katika duara, moja refu zaidi katikati, na safu ndefu zikielekea pande nne. Nikaona pia Arnol, nyumba ya kale yenye kuta nene za mawe na paa la makuti ya nyasi, ambamo watu na ng'ombe walikaa chini ya dari moja, na moto wa udongo wa kinamasi, uliokatwa matofali na kuanikwa, uliwaka katikati ya sakafu bila bomba la moshi.

Jumapili kisiwa kilinyamaza. Ni nchi ya Wapresbiteri wakali. Hata meli ya bara haikuwa ikisafiri siku hiyo mpaka mwezi wa Julai mwaka 2009, na wengi walipinga ilipoanza. Kwa ruhusa niliketi nyuma ya kanisa kusikiliza zaburi zao za Kigaeli. Hakuna kinanda. Mzee mmoja huutoa mstari peke yake, kisha watu wote huupokea, kila mmoja akiupamba kwa mapambo yake, huyu mbele, yule nyuma, sauti zikapanda na kushuka pamoja. Na mimi niliyekulia penye kasida na maulidi nilielewa mara moja nini maana ya kusanyiko linalopumua kwa pumzi moja.

Jioni nilitembea hadi rasi iliyo karibu na mdomo wa bandari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1919, meli Iolaire ilikuwa ikiwarudisha mabaharia wa Lewis na Harris kutoka vitani, ikagonga miamba ya hapo, taa za mji zikionekana. Walikufa watu 201. John F. Macleod, mtu wa Ness, aliogelea hadi nchi kavu na kamba, na kwa kamba hiyo wakaokoka wapatao arobaini. Kwa miaka mingi nyumba nyingi hazikuweza kulitamka jina la Iolaire. Kwa miaka mingi nyumba nyingi hazikuweza kulitamka jina la Iolaire.

Ullapool

Katika meli ya kurudi bara niliketi karibu na bibi mmoja mwenye kikapu cha sufu. Aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia ni kisiwa kiitwacho Mafia. Hakuuliza joto, wala simba, wala Kiingereza nimejifunza wapi.

"Meli yenu huja mara ngapi, mwanangu?"

Nikamweleza habari za kivuko cha Nyamisati na Kilindoni, na jinsi safari zake zinavyoyasikiliza maji. Alisikiliza kwa makini ya mtu wa kazi, akauliza mgonjwa huvushwaje usiku, akauliza mashamba ni ya nani, na nilipokwisha kumjibu akarudi kwenye ufumaji wake, kana kwamba sasa amekwisha kuijua Mafia.

Naona alikuwa na haki. Maswali yake ndiyo yale ambayo kila kituo cha njia yangu kilikuwa kikiyajibu: Ulva ilikufa kwa kukosa jibu la swali la ardhi na inafufuka kwa kulipata, St Kilda iliangamia kwa kukosa jibu la swali la meli. Atakaye kuviona visiwa hivi aende Juni, achukue koti la mvua hata kama mbingu ni safi, ale samaki kila apatapo, na asiharakishe. Na kila afikapo, kabla hajatazama ngome wala mawe ya kale, atafute ubao wa saa za meli na aulize shamba lile mbele yake ni la nani.